Mkono Mwepesi wa Shangazi

Ukitaka kumjua Shangazi usianze na uso wake, anza na kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kipana, kigumu, kimebinuka kidogo nchani, na karibu kila mtoto wa mtaa ule alikuwa ameshakutana nacho pajani. Kabla ya kuchoma sindano alikikandamiza pale pale atakapochoma, bila huruma, na papo hapo akamsogezea mtoto miwani yake na kumwambia, "Hebu puliza hapa, nisikuone." Mtoto akapuliza. Miwani ikafanya ukungu. Mtoto akacheka kwamba amempofusha mtu mzima, na alipokuja kushtuka sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka, pamba iko juu ya paja. Wachanga wasiojua kupuliza aliwapulizia yeye usoni, wakaduwaa, naye akamaliza kazi yake wakiwa bado wameduwaa.

Kwa hiyo chumba chake hakikuwa na kilio. Chumba cha chanjo popote uendapo kina kelele za kukutoa meno, lakini cha Shangazi ungedhani watu wanafanya mtihani. Ni jambo la kumfurahisha mtu, na kweli lilimfurahisha, mwanzoni. Wakati ninaousimulia mimi alikuwa ameshaacha kufurahi siku nyingi. Alikuwa amenasa.

Hakuwa mwenyeji pale. Kwao, ng'ambo ya mpaka, alikuwa nesi aliyestaafu, mjane, mwenye binti mmoja aliyekwisha kuolewa na nyumba iliyokuwa kimya mpaka ukisikia friji inanguruma unaona umepata mgeni. Shirika fulani likatafuta watu wa kujitolea katika kliniki ya watoto kwenye nchi ya jirani. Mshahara hakuna, ila nauli, chakula na pa kulala vipo, na kazi yenyewe ya miezi mitatu. Akasema miezi mitatu ni nini, akafunga begi.

Alikuta kliniki nzuri, kuta zimepakwa rangi mpya, sanduku la baridi limejaa chanjo, na benchi tupu. Akina mama walikuwepo, lakini ng'ambo ya barabara, wamebeba watoto mgongoni wanachungulia. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba sindano za pale zinapoozesha miguu. Daktari, kijana mwembamba aliyekula chakula chake amesimama kila siku, alikuwa ameshawaeleza kwa ustaarabu wote mpaka sauti ikamkauka. Shangazi hakuwa mtu wa ustaarabu mwingi. Alitoka getini, akashika kiuno, akawaita kama anauza nyanya.

"Nyie! Sindano za wengine zinauma, najua, hata mimi naziogopa. Yangu haiumi. Nina mkono mwepesi, nimezaliwa nao! Nileteeni mtoto mmoja tu. Akilia, nipigeni mawe hapa hapa."

Wakacheka. Mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye hata akinong'ona mtaa wa pili unasikia na kwa ajili hiyo wakimwita Mama Spika, alivuka barabara na mwanawe ili tu aone huo mchezo. Mtoto akapuliza, akacheka. Basi. Kesho yake benchi lilijaa, na keshokutwa walikaa mpaka sakafuni.

Yalikuwa maneno ya kuchangamsha watu tu. Lakini yalitembea, na kila yalikopita yalinenepa. Ikawa mtoto aliyechomwa na Shangazi hapati homa. Ikawa analala usiku kucha. Ikawa meno yanaota bila kuharisha. Shangazi aliyasikia, akatingisha kichwa, na tuseme ukweli, hakuyakanusha. Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo. Mtu uliyezoea kuongea na friji, ukiingia mahali wanawake wote wakasimama kukupisha, utakanusha nini?

Miezi mitatu ikaisha. Daktari akamwomba mwezi mmoja zaidi, kisha mmoja zaidi. "Mwezi ujao tu, Shangazi," alisema, sahani mkononi, wali unapoa. "Nikikuachia sasa, hawa nitawaambia nini?" Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi, angemtukana na kuondoka zake. Lakini alikuwa mtu mwema, mchovu, na shati lake lilikuwa na doa lile lile la dawa ya kikohozi wiki nzima. Humkasirikii mtu kama huyo. Unabaki na hasira zako mwenyewe huna pa kuziweka.

Na hakuna aliyemfunga. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Geti lilikuwa wazi mchana kutwa, pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye mkoba wake mwenyewe, na basi la kuelekea mpakani lilipita barabara ile ile na kupiga honi kila mchana kama linamwita. Aliamka katika kachumba kake nyuma ya jenereta, akanawa, akanywa chai ya mpishi, akaketi kwenye kiti kile kile, na kidole gumba kikaanza kazi. Jioni akilala alikisikia kinapwita. Hata ndotoni watoto walimpulizia.

Sasa sikiliza kilichomkaba koo. Yule binti yake wa pekee alikuwa mjamzito. Mara mbili nyuma alikuwa amebeba mimba mpaka mwisho, na mara mbili alirudi nyumbani mikono mitupu. Mara zote mbili Shangazi alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono tangu uchungu ulipoanza hadi daktari alipotazama chini asijue la kusema. Hii ilikuwa ya tatu. Binti alikuwa amekataa kununua hata soksi za mtoto.

Walizungumza kwa simu, Shangazi ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya jiko, mahali pekee mtandao ulipokuwa na adabu.

"Mama, sikuombi kitu kingine," binti alimwambia. "Nikiingia leba nataka mkono wako. Nikishika wa mtu mwingine nitajua mambo yameharibika."

"Usiseme hivyo. Nitakuwepo."

"Unasema tu."

"Nitakuwepo, mwanangu, hata kwa miguu."

Aliyasema kwa moyo wote. Alipokata simu alimkuta Daktari koridoni, na safari hii hakuomba, alimweleza. Daktari akajipangusa paji la uso, akasema ana haki, akapiga simu huku na huku. Baada ya muda akaletwa nesi mwingine.

Jamani, huyo nesi! Alikuwa mwanamume mrefu, mabega kama kabati, shingo haionekani inapoanzia. Mpishi alipomwona akaongeza maji kwenye sufuria. Akina mama wakambatiza Baunsa kabla hajaweka begi chini. Na bado alikuwa mpole kupita kiasi, anaongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, na sindano alijua kuchoma vizuri kabisa. Shangazi alimfundisha kila kitu. Kidole gumba alikuwa nacho, kikubwa kuliko chake. Miwani hakuwa nayo, kwa hiyo akavaa ya jua, nyeusi tii. Mtoto wa kwanza kusogezewa lile jitu lenye macho meusi likisema "puliza hapa" alipiga yowe ambalo lilimleta Daktari mbio, na ndiyo siku pekee watu walimwona ameacha sahani.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona benchi linavyotikisika, watu wanainuka, akaacha kucheka.

"Shangazi yupo?" Mama Spika aliuliza kutoka mlangoni asubuhi iliyofuata.

"Amepumzika," Baunsa alijibu.

"Kesho yupo?"

Baunsa hakujua kudanganya. "Yupo."

"Basi tutakuja kesho. Kama kesho yupo, wangu alie leo kwa sababu gani?" Akaondoka, na wengine wakamfuata, wanaongea na kucheka, kama watu waliokuta duka limefungwa.

Shangazi alikuwa chumbani kwake, nyuma ya pazia, ameyasikia yote. Alikuwa amejificha makusudi ili wazoee. Akajificha na siku iliyofuata, na iliyofuata. Begi alikuwa ameshalifunga, liko juu ya kitanda. Alijiambia watachoka tu, na wakichoka watakaa kwenye kile kiti cha Baunsa watake wasitake.

Hawakuchoka. Waliochoka walikuwa watoto, maana wiki ile surua iliingia mtaa wa bondeni. Mama Spika alirudi amembeba mwanawe mdogo, yule ambaye siku ya Baunsa aligeuzwa mlangoni bila chanjo. Macho yalikuwa mekundu, mwili umejaa vipele, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Wakamlaza chumba cha ndani. Shangazi alitoka mafichoni akakaa naye, akimnywesha maji kwa kijiko, mpaka homa iliposhuka na mtoto akafungua macho akataka uji. Alipona, lakini alikuwa amekonda, na shati lilimpwaya.

Mama Spika hakumlaumu Baunsa, wala hakujilaumu yeye mwenyewe. Alimshika Shangazi mkono na kusema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, "Ungekuwepo siku ile yasingetokea." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamshukuru.

Shangazi aliingia chumbani akafungua begi, akatundika nguo moja moja kwenye misumari. Alitamani kulia, ila aliona hata kilio chenyewe hana muda nacho, benchi limejaa.

Kuanzia hapo aliwachukia kidogo. Ni aibu kusema, lakini nitasema, kwa kuwa yeye mwenyewe alilijua na lilimtesa. Aliwapenda watoto mmoja mmoja, pajani kwake, na akawachukia wote kwa pamoja pale alipoinua macho na kuona foleni. Alijaribu kuwaeleza akina mama kwamba mkono mwepesi ni porojo, ni kubonyeza tu, hata wao wangeweza. Wakacheka, wakaambiana, "Mwone anavyojishusha." Alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumheshimu.

Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe halikuwa zuri. Atachoma vibaya. Si kwa kumwumiza mtoto hasa, hapana, roho hiyo hakuwa nayo. Ataacha kidole, ataacha kupuliziwa, atachoma kavu kavu kama manesi wengine wanavyochoma. Mmoja atalia, wa pili atadakia, na mchana huo huo mtaa mzima utajua kwamba mkono wa Shangazi umekwisha. Watahamia kwa Baunsa wenyewe. Na yeye atapanda basi, jina limechafuka, lakini amepanda.

Asubuhi hiyo wa kwanza alikuwa kitoto cha kike chenye nywele zilizosukwa mafundo, kimekuja kinatabasamu kabisa. Shangazi hakukiangalia. Alipangusa paja, akachoma. Hakubonyeza. Hakusema puliza. Alijua, kama nesi anavyojua, kwamba ile imeuma.

Mtoto alikunja uso. Shangazi akangoja. Kisha mtoto akamtazama, akakunjua uso, akapuliza mwenyewe kwenye miwani bila kuambiwa.

"Haiumi," alisema, machozi yanamlengalenga. "Ya Shangazi haiumi."

"Umeona!" mama yake akawaambia wa nyuma. "Mungu amweke huyu mwanamke."

Shangazi alikaa na sindano tupu mkononi, miwani imejaa ukungu, haoni mbele. Alielewa kwamba amekwisha. Alichokisema siku ile getini kwa mzaha sasa watoto walikuwa wanakimeza pamoja na maumivu yao, ili mradi kibaki kweli. Hata akichoma kwa msumari watasema haiumi.

Akiwa katika hali hiyo simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama mkwe wa binti yake. Uchungu umeanza, kabla ya siku zake. Wako hospitali, wamepewa kitanda, wanangoja.

"Anakuulizia," yule mama alisema. "Nimwambie uko njiani?"

Shangazi alifungua mdomo. "Mwambie nakuja," akasema.

Akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu afike pale aliwageukia watu wa benchini na kuwaeleza lililo moyoni, bila utani, bila kushika kiuno. "Jamani, mwanangu yuko leba. Ameshapoteza wawili. Nilimwahidi. Nataka kwenda nyumbani."

Mama Spika ndiye aliyesema, na safari hii kweli alinong'ona.

"Kwani una mtoto, Shangazi?"

Walikuwa wamekaa mbele yake muda wote huo, wamempa habari za waume zao na wakwe zao na kodi za nyumba zao, na haikuwajia kwamba naye ana mtu. Na yeye hakuwahi kuwaambia. Alikuwa Shangazi wa wote, na ilitosha. Sasa wanawake walianza kutikisa vichwa na kusema maskini, na mmoja akajifuta macho. Walimhurumia kweli kweli.

"Nenda, mama," Mama Spika alisema, sauti imerudi. "Mtoto ni mtoto. Nenda sasa hivi, basi halijapita." Akasogea mbele, amembeba yule mwanawe aliyekonda. "Ila huyu, daktari amesema bado chanjo zake nyingine. Mchome kwanza huyu."

"Na huyu wangu, tumetoka mbali," mwingine akasema.

"Mapacha hawa tu, Shangazi, halafu uende salama."

Walisema kwa upendo. Akaketi. Alijiambia ni hawa wachache, akakandamiza kidole, akapuliziwa, akachoma. Wakati huo huo habari ilikuwa imetoka nje kwamba Shangazi anaondoka leo, na watu wakaanza kuingia mbio mbio na watoto ambao zamu zao hazijafika, wengine wamelala, mmoja amepakwa sabuni nusu. Benchi likajaa, sakafu ikajaa, wakasimama mpaka getini. Baunsa alikuwa kwenye kiti chake pembeni, mikono ameshanawa, hana mtu. Basi la mpakani likapita likapiga honi. Shangazi alilisikia akiwa ameshika paja la mtoto, akasema, "Puliza."

Simu ililia tena mchana. Aliipokea na sindano mkononi, na nyuma ya sauti ya binti yake alisikia kichanga kinalia kwa hasira, kizima, chenye mapafu yake.

"Wa kike, mama. Mzima. Mzima kabisa."

"Mwanangu," Shangazi alisema. "Mwanangu, nisamehe, nilikuwa..."

"Najua una kazi nyingi. Usijali." Sauti yake ilikuwa imechoka na ina furaha, haina kinyongo hata kidogo. "Mama mkwe alikuwepo. Hakuniachia mkono mpaka mwisho. Wewe malizana na hao watoto, ukipata nafasi utakuja kumwona."

Ukipata nafasi. Bora angemtukana. Shangazi alisimama pale akingoja alaumiwe, na lawama haikuja. Alikuwa ameshasamehewa na nafasi yake imeshajazwa, kwa amani kabisa, na mambo hayakuharibika. Simu ikakatika, naye akaendelea kuiweka sikioni.

Kisha akaweka sindano kwenye sinia. Akavua koti jeupe, akamwendea Baunsa, akamkabidhi. "Njoo ukae kiti changu," akasema. "Hiyo miwani nyeusi itupe."

"Unarudi saa ngapi, Shangazi?" wakamuuliza, wakiwa bado kwenye foleni.

"Sirudi."

Alikwenda kuchukua begi lake. Nguo nyingine aliziacha misumarini. Sasa hakuwa na cha kuwahi, basi lilikuwa limeshapita na mjukuu ameshazaliwa, lakini alijua kwamba akikaa tena kwenye kiti kile hata nusu saa ataamka pale akiwa bibi kizee. Alipopita mbele ya mlango hakutazama ndani. Alisubiri kusikia miguu ya watu wanaotawanyika kurudi majumbani, kama siku zile. Hakuna aliyetoka. Hapakuwa na Shangazi wa kesho wa kumsubiri, basi walikaa.

Alifika getini, akavuka barabara. Hapo ndipo kilipotoka kilio kutoka chumba kile, kikali, cha kumkata mtu maini. Shangazi alisimama katikati ya vumbi na begi lake. Miguu ilikataa kwenda mbele na ilikataa kurudi. Alisema moyoni, "Nimewatupa."

Mtoto alilia, akakohoa, akanyamaza. Mtu alisema jambo ndani, watu wakacheka, na Baunsa akaita mwingine.

Kumbe kilikuwa kifupi hivyo. Kilikuwa kimekwisha kabla hajahamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Alisimama akingoja kiendelee, kiwe kirefu, kiwe na uzito wa kutosha kulingana na alicholipa, na hakikuendelea. Akaketi juu ya begi lake kando ya barabara, akavua miwani, akalia yeye.